Bomba Lililoshikizwa

Katika duka la vipuri lililo karibu na soko la jumla la Nakuru, kila Jumatatu watu husukumana kwenye kaunta kana kwamba magari yote ya Bonde la Ufa yameharibika siku moja. Mbele ya Nyakio alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la ngozi lililochunika viwikoni. Alikuwa akinunua bomba la moshi kwa ajili ya pikapu yake ya dizeli, kwa uhakika ambao mtu huupata mtandaoni pekee.

"Hilo litakusumbua," Nyakio alisema. "Likipita juu ya ekseli litagonga."

Mwanamume akageuka, akaiona bwelasuti ya buluu, kitambaa chekundu kichwani, na uso usiotafuta urafiki.

"Madam, fundi wako amekutuma ununue nini? Usije ukasahau."

"Fundi ni mimi."

"Wacha."

"Rudisha bomba kabla muuzaji hajaandika risiti, boss."

Hakurudisha. Wiki iliyofuata alifika katika karakana ya Nyakio akiwa na sura ya mtu aliyeombwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. "Liligonga," alisema.

Aliitwa Bethwel Kibii, msafirishaji wa viazi kutoka Keringet. Kwa miezi mitatu aliendelea kuja kila Alhamisi, na gari lake halikuwa na kasoro inayostahili safari nyingi kiasi hicho. Nyakio alilijua hilo na hakulisema. Hatimaye Bethwel aliagiza bomba la inchi tatu, la kuipa injini pumzi.

"Kipenzi, nataka ipande milima ya Mau bila kukohoa."

"Haitakohoa. Utapata nguvu kidogo na utapoteza majirani."

Bomba la namna hiyo halimaliziki kwa hatua moja. Fundi hulipima chini ya gari, hulikata, hushikiza kila kiungo kwa vidoa vitatu vya moto ili likae sawa, kisha hulishusha na kulichomelea kikamilifu juu ya meza. Injini ikiwashwa kabla ya hapo, sauti humdanganya mwenye gari kuwa kazi imekwisha.

Nyakio alikuwa amefika kwenye vidoa mama yake alipotokea bila taarifa, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alimtazama Bethwel, aliyeshika vikombe viwili vya chai kama mtu wa nyumbani.

"Na huyu ni nani?"

"Ni mteja, Maitu."

Nyumbani kwa kina Nyakio, binti hakumtaja mwanamume kwa mama yake kabla wazee wa huyo mwanamume hawajabisha hodi. Nyumbani kwa kina Bethwel, asiyetajwa ni yule anayeonewa haya. Katika miezi mitatu ya maneno matamu, hakuna aliyekuwa amemweleza mwenzake jambo hilo.

Nyakio alimsindikiza mama yake hadi steji. Aliporudi, pikapu haikuwapo. Simu yake ilikuwa na ujumbe: *Asante fundi. Mteja ameridhika.*

Alisimama akitazama doa la mafuta mahali gari lilipokuwa. Kiungo cha nyuma kilipita vidole vinne kutoka mpira wa mafuta ya breki. Bethwel alikuwa amepakia mbolea. Mlima wa Elburgon ungelipasha bomba hadi vidoa vikatike, na moshi wa moto ungeuchoma mpira ule. Kisha, mbele ya Molo, ingekuja miteremko.

Alipiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa kabla ya kulia. Aliandika: *Simama. Bomba halijachomelewa.* Ujumbe ukabaki na tiki moja, alikuwa amemfungia. Aliazima simu ya jirani, lakini Bethwel hakuwa mtu wa kupokea nambari asiyoijua. Ndipo akakumbuka kwamba wiki mbili zilizopita, betri ya simu yake ilipoisha, Bethwel alitumia simu ya Nyakio kumpigia mama yake. Nambari bado ilikuwemo.

"Mama, habari ya mchana. Niko Nakuru, ni kuhusu Bethwel na gari yake..."

"Amepata ajali," Linah, mama yake Bethwel, alisema, kwa utulivu wa kutisha.

"Hapana, bado, lakini..."

"Bado. Siku hizi mnatangaza mapema. Na pesa ya hospitali nitume kwa nambari gani?"

"Sitaki pesa, Mama."

"Hata tapeli wa wiki jana alianza hivyo. Yeye alikuwa daktari. Wewe ni nani?"

"Fundi wake."

"Fundi mwanamke. Hata uongo hamjui kupanga."

Nyakio alihesabu barabara. Kufikia sasa Bethwel angekuwa amepita Njoro.

"Mama, mimi ni mchumba wake. Hali kabichi tangu shule ya bweni. Akikasirika hagombani, anaandika maneno manne halafu ananyamaza. Breki zake zitakatika. Tafadhali mpigie."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Kabichi ni kweli," Linah alisema. "Ngoja."

Alingoja dakika kumi na tisa. Alitafuta mpira mpya wa breki, akautia kwenye kisanduku cha vifaa. Simu ikalia.

"Niko Elburgon, kando ya kiwanda cha mbao," Bethwel alisema. "Mama amenitukana huku akilia."

"Umeangalia chini?"

"Bomba linaning'inia. Mpira umetoa malengelenge."

"Usisogeze gari."

"Nyakio, kwa nini..."

"Usisogeze gari."

Kemboi, dereva wa lori la mbao lililokuwa likirudi tupu, alimbeba Nyakio pamoja na mpira mpya. Kiwandani walimwazima mashine ya kuchomelea. Alilala chini ya pikapu, juu ya vumbi la mbao, akafanya sasa kazi aliyopaswa kuimaliza asubuhi. Akabadilisha mpira, kisha ikabaki kutoa hewa kwenye breki, kazi ya watu wawili wasioonana: mmoja kwenye pedali, mwingine chini.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga. Uliniita mteja."

"Shikilia. Ningesema wewe ni wangu, Maitu angeuliza wazee wenu walikuja lini."

"Ungeniambia."

"Ungeuliza. Achia."

"Na mama yangu umemwambia nini?"

"Kilichohitajika."

"Ameshawaambia kina mama wa chama, wote. Nimwambie ulidanganya?"

Mafuta ya breki yalidondoka kwenye kopo, tone baada ya tone, yakiwa bado na viputo.

"Kanyaga," sauti ilisema kutoka chini ya gari.

"Nyakio."

"Lete wazee mwezi ujao. Kanyaga, Bethwel."

Alikanyaga. Pedali ikasimama imara chini ya mguu wake.

Nyakio alikikagua kiungo mara tatu, kisha akapanda upande wa abiria bila kualikwa, kwa kuwa hakuiamini barabara wala kazi ya mikono yake. Bomba lilinguruma vizuri. Katika mteremko wa kwanza baada ya Molo, aligundua kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza sakafu, mahali pasipo na pedali. Bethwel aliuona mguu huo, akapunguza mwendo, ingawa hakukuwa na haja.