Zana za Dorkasi Zarudi Mahali Pake

Modest na mkewe Dorkasi wana duka la kutengeneza mabango mjini Karatu. Kila asubuhi Dorkasi hufuta vumbi jekundu mezani, na Modest huwasha kompyuta. Modest anapenda usafi kupita kiasi. Kitu asichokitumia hukiondoa.

Siku moja Namelok alifika mapema kutoka kijiji cha Engaresero. Kikundi chake cha wanawake kilikuwa kinafungua kambi ya wageni kesho yake. Bango lao lilibaki kutiwa nakshi ya shanga tu.

"Gari langu linarudi saa sita," alisema Namelok. "Bila bango wageni watatupita. Watajuaje kama kuna kambi?"

Dorkasi alikaa kwenye kompyuta kuchora. Akatazama upau wa zana, yaani ule mstari wa vitufe pembeni mwa kioo. Vilikuwa vimebaki vitatu tu. Kalamu ya kuchorea nakshi haikuwapo.

"Baba Tumaini, kalamu yangu iko wapi?"

"Niliondoa vitufe visivyo na kazi," alijibu Modest. "Vilikuwa vinajaza kioo."

"Visivyo na kazi kwako," alisema Dorkasi. Hasira zilikuwa zimempanda.

Modest alijaribu kuvirudisha, akaondoa na kingine. Dorkasi akaona maneno ya kurudisha mpangilio wa mwanzo, akataka kuyabofya. Modest akamshika mkono.

"Usibofye. Simu yangu iliporudishwa mwanzo, picha za marehemu mama zilifutika zote. Na bango litafutika."

Aliyeumwa na nyoka, akiona jani hushtuka. Dorkasi hakumlaumu. Alikwenda kumwita jirani yao Felista, anayefundisha kompyuta chuo cha ufundi.

"Simu ni simu," alisema Felista alipoelezwa hofu ya Modest. "Hapa tunarudisha zana, siyo kazi. Ukipanga vijiko upya jikoni, ugali unaharibika?"

"Hauharibiki," alisema Modest, ingawa moyo haukutulia.

"Hata hivyo, sevu kazi yako kwanza. Kisha fungua menyu ya dirisha, hapo juu. Tafuta mpangilio wa eneo la kazi, yaani jinsi zana zinavyokaa kwenye kioo. Programu nyingine huuweka mahali pengine, lakini upo. Huu wako wa vitufe vichache, usevu kwa jina lako. Halafu chagua kurudisha ule wa mwanzo."

Modest alibofya huku amefumba jicho moja. Vitufe vyote vikarudi, kalamu ikiwemo. Bango lilikuwa palepale, halikupungua hata herufi. Modest akacheka kwa furaha mpaka Namelok naye akacheka.

"Mama Tumaini naye apange zana zake, asevu kwa jina lake," alisema Felista. "Kila anayekaa hapa achague mpangilio wake. Msiondoleane vitu tena."

Dorkasi alichora nakshi nyekundu, nyeupe na buluu, mkono wake mwepesi. Gari lilipoondoka, Namelok alikuwa ndani na bango lake.

Kesho yake wanawake walikuwa bado wanafunga kamba za bango kando ya barabara. Gari la wageni likapunguza mwendo, likakata kona kuingia kambini. La pili likafuata. Namelok akawaachia wenzake kamba, akaenda kuwapokea.