Nadège Anasema kwa Mikono

Wakati wa vita vya Ituri, familia ya Papa Félicien ilikimbia kutoka Djugu ikafika Bunia. Walipata nyumba ndogo ya udongo katika kartie, yaani mtaa, wa Bankoko. Kule Djugu Félicien alikuwa mkulima. Hapa Bunia alitengeneza baiskeli kando ya barabara. Mke wake, Mama Emerance, alikaanga mandazi kila asubuhi.

Walikuwa na mabinti wawili. Nadège, yule mkubwa, alikuwa amemaliza sekondari na kupata diploma yake. Micheline, mdogo wake, alikuwa na miaka kumi. Micheline alikuwa kiziwi tangu homa kali ilipomshika akiwa mchanga. Nyumbani, Nadège ndiye aliyemwelewa zaidi. Wawili hao walikuwa wamejitungia ishara zao. Kidole shavuni kilikuwa "mama". Ngumi mbili zikizunguka zilikuwa "baiskeli", na pia "papa".

Jioni nyingi Félicien alisema maneno yale yale.

"Nadège, weye utakuwa avoka, mutetezi wa sheria. Ao daktari. Mutu wa diploma atafanya kazi gani ingine?"

"Papa, njia ya kwenda université haiko salama."

"Basi tutangoja."

Nadège aliendelea kungoja. Aliosha sufuria, aliuza mandazi, na diploma yake ilikaa ndani ya sanduku.

Alasiri moja risasi zililia upande wa uwanja wa ndege. Watu wakakimbilia nyumbani. Micheline alikuwa kwenye bomba la maji, akisugua sufuria. Aliipa barabara mgongo. Wapita njia walimwita kwa nguvu, lakini hakugeuka.

Nadège alimkimbilia, akamgusa bega. Akaonyesha kwa mikono: bunduki, kule, twende! Wakajificha nyuma ya ukuta wa jirani yao, Mwalimu Katsuva. Micheline alitaka kutoka kumtafuta mama. Nadège akamweleza polepole kwa mikono: mama yuko nyumbani, papa yuko pamoja naye, tungoje hapa. Micheline akatulia.

Katsuva naye alikuwa amelala chini karibu nao. Risasi ziliponyamaza, aliuliza:

"Nani alikufundisha ile?"

"Hakuna mutu, Mwalimu. Tulijifunza siye wawili."

"Unajua ile iko kazi?"

Nadège alicheka. "Kazi? Kuchezesha mikono?"

"Nakuambia kweli. Mimi nafundisha batoto viziwi katika chumba cha kanisa. Tena niko mukalimani wao. Ishara zenu iko za nyumbani. Munazielewa weye na mudogo wako tu. Lakini viziwi iko na lugha yao kamili. Mutu anaisoma sawa vile anasoma Kifaransa."

"Na mukalimani anafanya nini?"

"Anasimama kati ya kiziwi na mutu mwenye kusikia. Anapeleka maneno ya kila mumoja. Hapana kuongeza, hapana kupunguza. Na siri ya mutu haitoe inje."

"Nani anaita mutu wa kazi ile?"

"Hospitali. Tribinali, kule banakata kesi. Shule. Mashirika yenye kusaidia wakimbizi. Banakuja kwangu kila mara, na mimi siwezi kufika kila pahali. Tena niko mwanaume. Mama mwenye kuzaa anaona haya nikiingia. Iko haki yake."

Jioni ile Nadège aliwaeleza wazazi. Félicien aliweka koleo yake chini.

"Nilikusomesha kwa jasho," akasema. "Hapana ju ya kuchezesha mikono barabarani."

Mama Emerance ndiye aliyesema:

"Papa Nadège, leo Micheline angekufa ju hakusikia. Mutoto aende shule ya Mwalimu Katsuva. Nadège amusindikize. Mambo ya avoka tutaongea nyuma."

Félicien hakukataa.

Wasichana hao walianza kwenda kwenye chumba cha kanisa. Micheline aliketi na watoto wenzake. Nadège aliketi nyuma yao, akajifunza pia. Siku za kwanza Micheline aliangalia tu mikono ya wengine, macho wazi. Kisha akaanza kuuliza. Hili linaitwaje? Na lile? Hata usingizini mikono yake ilisogea.

Katsuva aliwatembelea wazazi. "Musiongee naye kwa mugongo," aliwaambia. "Mumuguse bega kwanza. Mukae pahali pa mwangaza ju aone uso. Musimufunge mikono, ile njo mudomo yake. Na musiseme hana akili. Akili iko. Lugha njo ilikosa."

Siku moja, wakati wa kula, Micheline aliacha ugali na majani yake ya sombe. Akamwangalia baba yake, akasema kwa mikono kwa muda mrefu. Nadège aliacha kula.

"Anasema nini?" Félicien akauliza.

"Papa... anauliza kama tulikimbia Djugu ju yake."

"Ju yake namna gani?"

"Asubuhi ile alivunja mutungi wa mama. Mama alikasirika. Kisha papa akamubeba mbio, na hatukurudi tena. Anawaza ilikuwa azabu yake. Anaomba musamaha."

Mama Emerance alifunika uso kwa kitenge. Miaka yote hiyo hakuna aliyemweleza mtoto. Walimbeba, wakakimbia. Walifikiri yatosha.

"Mwambie hapana," Félicien akasema. "Mwambie vita ilikuja, na..." Akapangusa mikono yake. "Ngoja. Nionyeshe. Nitamwambia mimi mwenyewe."

Nadège akamwonyesha. Vidole vya Félicien vilikuwa vizito, vyeusi kwa mafuta ya baiskeli. Alikosea, akaanza tena. Vita. Vita ilitufukuza. Hapana weye. Hapana weye, mutoto wangu.

Micheline aliitazama mikono ile hadi mwisho. Kisha akainuka, akaenda kuketi karibu na baba yake, akala ugali kutoka sahani yake.

Baadaye Félicien alimwita Nadège uani.

"Nilijua kazi mbili tu, avoka na daktari," akasema, "ju njo nilizoea kusikia. Hii sikuijua. Endelea nayo. Uisome muzuri."

Barabara ya Butembo ilipotulia, Nadège alienda huko kwenye shule ya viziwi ambapo Katsuva alikuwa amesomea ukalimani. Alikaa na viziwi, akapika nao, akabishana nao, maana wenye lugha ndio walimu wake wazuri. Alijifunza pia maneno ya hospitali na ya tribinali, na namna ya kutunza siri. Aliporudi Bunia, alifundisha watoto wadogo asubuhi, akapata mshahara wake. Saa nyingine aliitwa kufanya kazi ya ukalimani. Félicien aliwaambia wateja wake: "Binti yangu iko mukalimani." Walipouliza ni kazi gani, aliacha gurudumu na kuwaeleza.

Asubuhi moja alikuja mjumbe kutoka maternité, hospitali ya uzazi. Mama mmoja kiziwi, jina lake Débora, alikuwa amefika kutoka Aveba. Uchungu ulikuwa umemshika. Mkunga alisema naye, lakini hawakuelewana, na mama alikuwa akisukuma kabla ya wakati.

Nadège alinawa mikono, akasimama mahali ambapo Débora angeweza kumwona. Bahati nzuri Débora alikuwa amesoma shule ya viziwi. Alipoona mikono ile, uso wake ulilegea.

"Mwambie asisukume bado," mkunga akasema. "Apumue."

Mikono ya Nadège ikasema. Débora akapumua.

"Sasa! Asukume!"

Débora akasukuma. Akasukuma tena. Mtoto akatoka, msichana, na mkunga akampangusa kwa kitambaa.

Débora aliinua kichwa. Aliona mdomo mdogo umefunguka, lakini hakusikia kitu. Hofu ikamjia machoni. Akainua mikono yake iliyochoka, akamwuliza Nadège:

"Analia?"

Chumba chote kilijaa sauti ya mtoto. Nadège alitabasamu, akajibu kwa mikono yote miwili:

"Analia, Mama. Analia sana."