Glavu ya Bwana Harusi

Alhamisi, saa moja na dakika ishirini na tano asubuhi, Gudrun Espeland alifungua kijisanduku cha mbao juu ya kabati la sebuleni, katika nyumba yake ya wageni, akakuta pamba tupu. Alikifunga, akakifungua tena, kama mtu anayekipa nafasi ya kujirekebisha. Pamba ile ile. Ndipo akapiga ukelele.

Nynke Wijma, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ngazini na mswaki mdomoni. Aliteremka vidato vitatu vitatu. Nyuma yake wakafuata baba yake, Sjoerd, amekumbatia koti lake kifuani, na mama yake, Aukje, na ufunguo wa gari mkononi. Wa mwisho aliingia kwa mlango wa nje: Vinay Ramdhani, rafiki yake Nynke tangu shule ya msingi, taulo begani, nywele zikichuruzika maji ya ghuba.

"Pambo la mama," Gudrun alisema. "Limeibwa."

Wote walilijua pambo hilo. Jana yake saa mbili jioni, jua likiwa bado limekaa juu ya mlima kama mgeni asiyejua kuaga, Gudrun alilitoa ili alisugue kwa ajili ya harusi ya binti yake Jumamosi. Lilikuwa pambo la kubanwa kifuani, la fedha, lenye visahani vidogo vya dhahabu pembeni vilivyolia kila ukipumua. Alimpa Aukje alishike, Aukje akampa Sjoerd, Sjoerd akampa Vinay, Vinay akampa Nynke. Kisha Gudrun akalichukua kwa Nynke, akalipitisha juu ya magoti ya bibi Borghild na kulirudisha kwenye pamba.

Borghild alikuwa mama yake mkubwa Gudrun, yaani dada mkubwa wa marehemu mama yake. Kiti chake kilikuwa dirishani, na pambo lilipompita hakuinua macho. Alimwita Nynke, akamvalisha mkononi glavu nyekundu aliyokuwa akiifuma.

"Una mkono mkubwa, wewe. Sawasawa na wa bwana harusi. Ya kulia nimemaliza juzi. Hii imebaki dole gumba tu, na uzi ndio huu." Alionyesha donge lililobaki, ukubwa wa yai.

"Utatosha, bibi?"

"Nimeanza kufuma baba yako hajajua kutambaa. Na hicho chako ni nini? Wavu wa samaki?"

"Skafu."

"Ah. Pole."

Skafu ya Nynke ilianzwa nyumbani Leeuwarden, Uholanzi, ikafumuliwa mara mbili Denmark, mara tatu Uswidi na mara mbili hapa Norwe. Ilikuwa imezunguka nchi nne na bado haikuzidi shubiri moja.

Hiyo ilikuwa jana. Leo hakuna aliyekuwa na hamu ya kutania.

"Mama mkubwa," Gudrun aliuliza, "ulikuwa hapa?"

"Tangu saa kumi na mbili, kama kila siku." Borghild alikuwa kitini, sindano zikitembea. "Saa moja nilikwenda jikoni kuchukua kahawa, dakika kumi hivi. Narudi, nikamwona huyu kijana anatoka humu. Taulo kwapani." Alifuma tundu moja. "Limeviringishwa."

Macho yote yakaenda kwa Vinay.

"Nilikuwa naenda kuogelea," Vinay alisema. "Taulo huviringishwa. Nilitaka nilibebeje, kama bendera?"

"Kwenda mlango wa nje lazima upite humu," Gudrun alisema. "Wote wanne mngeweza kupita. Aliyeonekana ni mmoja."

"Wote wanne tumepita," Nynke alidakia. "Choo kiko ng'ambo ya sebule. Au ulidhani mama yangu ana kibofu cha ngamia?"

"Nynke!" Aukje alisema.

"Ni ushahidi, mama."

Vinay alipanda juu, akashuka na mkoba wake, akaumwaga wote mezani kabla hajaombwa. Soksi, chaja, kitabu cha sheria za barabarani na barua moja iliyokunjwa vizuri. Barua hiyo Nynke aliijua kwa moyo. Tarehe mosi Septemba Vinay alikuwa anaanza chuo cha polisi. Waliomwandikia walisema watapekua historia yake yote kabla ya siku hiyo, na tuhuma yoyote ya wizi, hata ya ng'ambo, ingesimamisha nafasi yake. Kwa miaka miwili alikuwa akikimbia kila alfajiri kwa ajili ya karatasi hiyo.

"Humu hamna," Gudrun alikubali. "Lakini ghuba ina mawe mengi ya kufichia kitu. Sikilizeni, mimi si mtu mbaya. Lirudisheni, mwende zenu. Polisi sitamwita."

Sjoerd alishusha pumzi. "Feri ni saa nne kasoro dakika kumi," alisema kwa sauti ya chini. "Tukiondoka sasa..."

"Tukiondoka sasa, Vinay ni mwizi," Nynke alisema. "Na wewe, baba, kuna nini ndani ya koti?"

"Nini?"

"Ulipita hapa saa moja hivi kwenda mezani kwa kifungua kinywa. Umelikumbatia koti tangu uteremke. Mpelelezi hamwachi mtu, hata aliyemzaa. Fungua."

Sjoerd alitazama dari, haikumsaidia. Alifungua zipu. Vikatoka vipande kumi na viwili vya mkate vilivyopakwa siagi na jibini la kahawia, vimefungwa kwenye kitambaa cha mezani cha mwenye nyumba.

"Chakula cha mchana," alisema.

"Jamani," Gudrun alisema, kwa mara ya kwanza akisahau pambo. "Si mngeomba? Tunawapa hata karatasi ya kufungia. Mnatoka Uholanzi na viazi vyenu kwenye buti la gari, bado mnaniibia mkate?"

Sjoerd aliiva akawa rangi ya ile glavu. Lakini visahani vya dhahabu havikuwemo.

"Basi," Gudrun alisema. "Nimewapa njia."

Nynke aliuchukua ufunguo wa gari mkononi mwa mama yake, akauweka juu ya kiti, akaukalia.

"Hakuna anayeondoka," alisema.

"Nilikuwa nataka kuukalia mimi," Aukje alisema. "Umeniwahi."

Vinay alinyoosha mkono kwa Gudrun. "Nipe namba ya polisi wa hapa."

"Wewe?"

"Mimi. Mwizi wako nataka kupiga simu."

Alipiga saa mbili kasoro dakika tano. Alitaja jina lake lote, umri, mahali, kilichoibwa na anayetuhumiwa. "Ni mimi, afande," alisema. "Ndiyo. Nakusubiri." Sauti ilikuwa kavu. Aliirudisha simu, akaikunja barua yake upya na kuiingiza mfukoni.

Polisi alikuwa mbali, ng'ambo ya mlima. Gudrun alipekua vyumba vyote na buti la gari, viazi kimoja kimoja. Hakupata kitu. Wazo lilimpitia Nynke kwamba huenda Gudrun mwenyewe amelificha ili alipwe bima, akamuuliza waziwazi.

"Bima?" Gudrun alicheka kwa uchungu. "Vitu vya urithi havina bima hapa. Na ukiniuliza tena hivyo, utakunywa kahawa yako nje."

Kicheko kile kilikuwa cha kweli. Nynke akamfuta.

Saa tatu, kwa kukosa la kufanya, alichukua skafu yake akaketi karibu na Borghild. Bibi hakuwa ameondoka kitini tangu ule ukelele. Paka wa nyumbani alinyatia, akalipiga teke donge jekundu lililokuwa magotini mwa bibi. Likaanguka sakafuni. *Dub.* Wala halikubingirika. Paka akalinusa, akalipa mgongo kama aliyetukanwa. Borghild aliinama upesi kuliko umri wake, akaliokota. Lilijaza kiganja chake kama chungwa.

"Ile glavu iko wapi, bibi?"

"Hii hapa." Kwenye sindano kulikuwa na pindo la kifundo tu, upana wa vidole vitatu. "Nilikosea. Nimeifumua nianze upya."

"Wewe? Kukosea?"

"Hata mimi ni binadamu. Angalia yako, umeangusha matundu mawili."

Nynke aliangalia yake. Kweli, matundu mawili. Alivuta uzi kuyafumua, kwa mara ya nane, na uzi ukatoka umejikunja mawimbi mawimbi, kama nywele zilizosukwa wiki nzima zikafumuliwa leo. Akautazama uzi mwekundu uliokuwa ukipanda kwenye sindano za bibi. Nao ulikuwa na mawimbi.

Alihesabu kichwani, akahesabu tena, kisha akaenda kusimama mlangoni.

Polisi alifika saa tatu na dakika ishirini. Jina lake Halvard Tveit, mtu mrefu mwenye masharubu ya mchanga. Alivua viatu mlangoni kama kila aingiaye nyumba za huko, akasimama sebuleni na soksi zenye tundu kwenye kidole. Aliwasikiliza wote. Akafungua daftari.

"Kijana, nitaandika jina lako kama mtuhumiwa. Ni utaratibu tu."

"Afande," Nynke alisema, "kabla kalamu haijagusa karatasi, nipe dakika tano."

"Wewe ni nani?"

"Msichana wa skafu mbovu. Bibi Borghild, nikuulize: jana jioni glavu ilibaki nini?"

"Dole gumba," Borghild alisema. Sindano hazikusimama.

"Na donge la uzi lilikuwa kubwa kama nini?"

"Sikumbuki."

"Yai. Leo ni chungwa. Afande, uzi ukiufuma hupungua. Huu umekua."

"Kafumua glavu," Gudrun alisema. "Amesema mwenyewe. Uzi umerudi kwenye donge."

"Kweli, uzi wake una mawimbi, umeshafumwa. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote Ulaya, nimefumua skafu mara nane. Kwa hiyo mimi nilidhani kama wewe. Ila glavu moja ikifumuliwa inatoa uzi kidogo tu. Ukiuongeza kwenye yai, hupati chungwa. Tena sehemu ya uzi huo imesharudi kwenye pindo. Na donge la sufu likianguka linabingirika mpaka chini ya kabati. Hili lilianguka kama kiazi. Muulizeni paka."

Akamgeukia Borghild.

"Bibi, pambo lile linalia ukipumua. Usingeweza kutembea nalo hatua mbili. Ulihitaji kulivisha kitu kinene, na uzi uliobaki ulikuwa haba. Ulichokuwa nacho cha kufumua ni glavu ya bwana harusi."

Gudrun alikunja uso. "Unamwita mama yangu mkubwa mwizi? Ndani ya nyumba yangu?"

"Wewe umemwita rafiki yangu hivyo tangu asubuhi. Nyumba ni ile ile."

Halvard alimwelekea Borghild, lakini bibi aliinua mkono, akamsimamisha.

"Usiniguse, Halvard. Nilikuwa nakufuta kamasi hapa hapa."

Aliweka sindano chini. Akalishika donge, akaanza kuufungua uzi, pole pole, zamu baada ya zamu, uzi mwekundu uliojikunja ukijaa miguuni pake. Mara kikalia kisahani cha kwanza. Kisha cha pili. Kisha pambo lote likakaa kiganjani mwake.

"Mama mkubwa," Gudrun alinong'ona. "Kwa nini?"

"Unaniita hivyo miaka hamsini na mbili. Hujawahi kujiuliza maana yake?" Sauti ya bibi haikuwa na machozi hata tone. "Mkubwa ni mimi. Hili huenda kwa binti mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini, nikaenda Bergen, nikarudi na mimba isiyo na baba. Mtoto hakuishi wiki. Mama akampa pambo mdogo wangu, akasema kifua changu hakifai kulibeba. Nikanyamaza. Jana umewapa wageni walishike, mmoja mmoja, mpaka yule wa mikate. Ukalipitisha puani kwangu ukalifungia."

Gudrun aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akainamisha uso.

"Leo saa kumi na mbili na robo nimelivaa mbele ya kioo. Dakika kumi. Nikaona sitalirudisha. Kwa hilo siombi radhi kwa mtu, hata kwa mama kaburini." Akamgeukia Vinay. "Kwako naomba. Sikukupangia hili. Lakini nilipoona wamekutazama wewe, nikawaacha wakutazame. Ilikuwa rahisi. Huo ndio wizi niliofanya."

"Nimekusikia, bibi," Vinay alisema. Hakusema amesamehe.

Halvard alifunga daftari. "Basi, yameisha. Sikuandika kitu. Mambo ya kifamilia."

"Hapana, afande," Vinay alisema. "Fungua. Simu yangu imerekodiwa, kuna kijana aliyetuhumiwa. Andika na mwisho wake. Vinay Ramdhani, alituhumiwa kuiba, hakuiba. Weka saa na sahihi, unipe nakala."

"Ni karatasi nyingi hizo."

"Nina siku nzima. Feri tumeshaikosa."

Masharubu ya Halvard yakacheza kidogo. "Utawasumbua sana huko chuoni," alisema, akaandika.

"Nitawapa chumba bure," Gudrun alianza. "Na chakula, na..."

"Sitaki chumba," Vinay alisema. "Niambie."

Gudrun aliinua uso, na safari hii alimwangalia yeye, si taulo lake. "Hukuiba," alisema. "Nilikutuhumu kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kukutuhumu wewe. Nisamehe."

"Asante. Hilo tu."

Saa tano kasorobo Nynke aliutoa ufunguo chini ya makalio ya mama yake, aliyekuwa amechukua zamu, wakapakia mizigo. Sjoerd aliacha mikate mezani. Gudrun alimfuata mpaka garini akamrudishia, imefungwa kwenye karatasi.

Borghild alitoka kusimama kizingitini. Pambo lilikuwa kifuani pake, limebanwa kwenye sweta la kazi, likilia. Gudrun alisimama ubavuni mwake na kijisanduku kitupu mkononi, wala hakujaribu kulichukua.

"We msichana!" bibi aliita. "Skafu yako ina matundu!"

Nynke alitoa kichwa dirishani. "Angalau donge langu lina uzi mtupu, bibi!"

Gari likashika njia ya ghuba. Kwenye kiti cha nyuma, karatasi ya polisi ikiwa magotini, Vinay alianza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akanyoosha mkono mbele.

"Mzee Sjoerd," alisema, "lete mkate huo wa wizi."