Mbeleko Mnadani

Shakila wa Mafiga hakuwa mtu wa kudanganya wateja. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa mtaani kwetu wana midomo, na baada ya yaliyompata walianza: ooh, tamaa, ooh, alikuwa na mambo yake. Uongo mtupu! Mimi nimepanga naye ua mmoja, kamba ya kuanikia nguo yetu ni moja, na haya ninayosimulia nimeyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, kidogo kidogo, na mengine nimeambiwa na mumewe.

Kazi yake ilikuwa kuuza vitu vya zamani mtandaoni. Kulikuwa na mnada wa kwenye simu unaitwa Nyundo. Unapiga picha kitu chako, unaandika maelezo, unataja bei ya kuanzia na saa ya kufunga, halafu watu wanashindana kupanda. Saa ikifika, simu inalia ko! kama nyundo ya dalali, na aliye juu ndiye mwenye mali. Dau la kwanza likishaingia, huwezi tena kukitoa kitu mnadani wala kufuta picha yake. Unachoruhusiwa ni kuongeza picha mpya, nayo inakaa mbele na ndiyo inayohesabika. Masharti hayo Shakila aliyajua kwa moyo. Vinu, vigoda, mitungi, redio za mbao, alivichukua milimani kwa watu waliovichoka akawauzia watu wa Dar wanaovitamani sebuleni.

Na alikuwa na ujanja wake. Picha alipiga mchana kweupe. Kama kitu kina ufa, aliuonyesha ufa. Halafu kila kitu alikipima kwa mtu, maana ukimwandikia mteja sentimita hamsini haelewi, lakini ukimweka mtoto kando ya mtungi, ukubwa anauona mwenyewe. Mtoto huyo alikuwa Asia, binti yake wa pekee, mwaka mmoja na nusu, aliyepatikana baada ya mimba mbili kuharibika. Jamani, mtoto yule alikuwa amejaa mpaka vifundo vya mikono havionekani! Chini ya kila picha Shakila aliandika maneno yaleyale: "Unachokiona kwenye picha ndicho utakachopokea." Wateja walimwamini kwa maneno hayo, wakampa nyota tano kila mara.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imepumzika, alikwenda Mlali. Mzee mmoja, Castory, alikuwa anatoa vyombo vya shangazi yake aliyefariki, na alitaka nyumba ibaki tupu kabla ya Ijumaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chagua, mwanangu. Chagua na uende, mvua inarudi."

Alichagua vyungu viwili na kigoda. Wakati anatoka akaona kitu kimening'inia nyuma ya mlango, mbeleko ya ngozi ya mbuzi, ya kizamani kabisa, nyeusi kwa mafuta na jasho, kamba zake nne zikiwa nzima. Kitu cha namna hiyo hakipatikani siku hizi.

"Na hii, mzee?"

Castory hakuja kuishika. Aliokota fimbo, akaitungua kwenye msumari kwa ncha ya fimbo, akamnyooshea. "Hiyo nakupa bure."

Shakila akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko ngozi inavyopaswa kuwa, tena ilikuwa na joto, na ule mlango haukuwa unapigwa jua.

"Shangazi yako alilea wengi, eeh?"

Castory aliangalia chini. "Hakuzaa," akasema kwa sauti ndogo. "Ila alibeba. Miaka yote, hata shambani. Sisi tulikuwa hatuoni kitu humo ndani."

Mtu mwingine angeirudisha palepale. Shakila alikuwa na mvua nyuma yake na gari la kuwahi, akacheka kidogo, akashukuru, akaondoka.

Jumanne asubuhi aliipiga picha ikiwa juu ya mkeka, akaiweka Nyundo, mnada ufungwe Ijumaa saa kumi jioni. Hata chai haijapoa, swali likaingia. Lilitoka kwa akaunti iliyoitwa Mlezi, isiyo na nyota hata moja, isiyo na picha.

"Bado inabeba?"

Shakila akajibu, "Inabeba vizuri, mpenzi, kamba zote nzima."

"Naomba nione ikiwa na mtoto."

Ombi gani la kawaida kuliko hilo? Akamkalisha Asia katikati ya ngozi, akazifunga kamba kifuani pa mtoto, akampiga picha. Mtoto hakucheka kama kawaida yake, alikuwa anatazama pembeni ya mama yake, juu kidogo, kama mtu anayeitwa. Shakila akaiweka picha. Chini yake, kwa mazoea, akaandika: "Unachokiona kwenye picha ndicho utakachopokea."

Dau la kwanza likaingia papo hapo. Lilikuwa la Mlezi.

Mchana huo alipomnyanyua Asia kumpeleka kuoga, mikono yake ilipanda juu ghafla, kama unapochukua ndoo ukidhani imejaa kumbe ni nusu. Akajiambia ni uchovu. Watu wengine watatu wakaweka madau yao, na kila mmoja akipanda, Mlezi alipanda juu yake kwa shilingi moja. Shilingi moja tu, ambayo siku hizi hata kuiona huioni. Na maswali hayakukoma.

"Analala upande gani?"

Shakila alidhani mtu amekosea ukurasa. Akaliruka.

"Akilia usiniambie. Nitajua."

Jumatano uani kulikuwa na tope, mvua ilikuwa imenyesha. Asia alivuka kutoka mlangoni mpaka jikoni, akiwa peku, akimfuata paka. Shakila alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho akaona nyayo za paka, nne nne, zimechorwa vizuri kwenye tope. Za mtoto hazikuwepo. Mimi mwenyewe nilikuwa naanika nguo, nikamsikia akisema, "Asia, hebu rudi huku." Mtoto akarudi kwa njia ileile. Tope halikubonyea.

Alhamisi alikwenda naye kliniki. Nesi Editha alimtundika mtoto kwenye mizani, akaangalia, akagonga mizani kwa kidole, akaangalia tena. Kadi ya mwezi uliopita ilisema kilo kumi na gramu mia mbili. Sasa mshale ulisimama kwenye nne na nusu. Editha akamtoa, akamtundika mtoto wa mwingine, mizani ikasoma sawasawa. Akamrudisha Asia. Nne na gramu mia tatu.

"Mama," Editha alinong'ona, wenzake wasisikie, "mashavu nayaona. Mapaja nimeyashika mwenyewe, yamejaa. Sasa hii nusu nyingine iko wapi?"

Shakila alikuwa ameshaitoa simu. Mlezi alikuwa amepanda mara mbili tangu waingie mle ndani. Hapo ndipo Shakila alipoelewa. Alikuwa amemweka mwanawe mnadani, kwa mkono wake na kwa maneno yake mwenyewe, na kesho saa kumi nyundo ingelia.

Alijaribu kukitoa kitu. Haikuwezekana. Alijaribu kufuta picha. Haikuwezekana. Aliwaandikia wenye mnada, wakamjibu kwa adabu kwamba dau likishaingia muuzaji ana wajibu wa kukabidhi. Akampigia Castory.

"Mzee, nakurudishia kitu chako. Leo hii."

"Uliniona nikikishika kwa mkono?" Castory alisema taratibu. "Mimi nilikitoa kwa fimbo. Wewe ulikipokea kwa mikono miwili, mwanangu. Nisamehe." Akakata. Alipopigiwa tena, simu ilikuwa imezimwa.

Abeid, mume wake, anachomelea milango kwenye karakana moja Kihonda, ni mtu asiyeamini mambo hayo hata kidogo. Usimweleze habari za majini, atakucheka mpaka ujione mjinga. Lakini jioni ile alipomrusha binti yake juu kama alivyozoea, mtoto alichelewa kushuka. Abeid hakucheka. Alimkumbatia Asia, akakaa kwenye kizingiti, na Ijumaa hakwenda kazini.

Ijumaa milima ilikuwa imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, huoni hata mti. Walijifungia chumbani watatu. Upepo ulipoingia dirishani pazia lilitikisika, na Asia naye akatikisika. Shakila akachukua kanga, akamfunga mtoto kiunoni, ncha nyingine akaifunga kwenye mguu wa kitanda. Hebu fikiria mama anamfunga mwanawe ili asipeperuke!

Mpango wao ulikuwa rahisi. Abeid ajisajili kwa simu yake, anunue yeye. Akishinda, mzigo unabaki nyumbani. Saa tisa na nusu akaweka laki moja. Mlezi akaweka laki moja na shilingi moja. Akaweka milioni. Milioni na shilingi moja. Akaandika fedha ambazo ukoo wao mzima haujawahi kuziona. Zikaja zilezile, na shilingi moja juu yake.

"Huyu halali usingizi," Abeid alisema. "Hapumui."

Saa kumi kasoro dakika tano. Asia alikuwa ameketi kwenye mkeka lakini mkeka haukumgusa. Kanga ilikuwa imekakamaa kuelekea juu.

Ujumbe ukaingia. "Mfungue kamba hiyo."

Shakila alipiga kelele. Ndiyo, alipiga, nilisikia mpaka kwangu. Abeid alimshika mtoto miguu yote miwili na kuanza kusoma aya zote anazozijua, na zile asizozijua vizuri pia. Na katika kelele hizo Shakila akakumbuka kazi yake. Picha haifutwi, lakini mpya inaongezwa. Mpya inakaa mbele, na mpya ndiyo inayohesabika.

Akaichukua ile ngozi ilipokuwa imetundikwa ukutani. Ilikuwa ya moto. Akajifunga mgongoni, kamba mbili juu ya maziwa, mbili chini, mbeleko tupu. Akaegemeza simu dirishani na kusimama kwenye mwanga.

"Mama Asia, unafanya nini?"

"Mshike mtoto. Usimwachie, nakuomba."

Akapiga picha ikaonekana yeye peke yake, mgongo umeelekea kwenye simu, ngozi ikining'inia bila kitu. Akaiweka mnadani. Vidole vikaandika chini yake maneno yaleyale ya kila siku, na safari hii aliyaandika polepole, akijua anachokisema.

Saa kumi kasoro dakika moja. Dau la Mlezi bado lilikuwa juu. Sekunde zikahesabika. Thelathini. Kumi na tano.

"Hata wewe unafaa."

Ko!

Asia alidondoka mkekani kwa kishindo akaangua kilio kikubwa, kilio cha mtoto mwenye uzito wake wote, na Abeid aliyekuwa amemshika akaanguka naye. Alikuwa analia na kucheka, anambusu mtoto unyayo. "Kamerudi! Mama Asia, kamerudi! Njoo umbebe, kazito haka!"

Shakila hakuja. Alikuwa ameinama, mkono mmoja dirishani, mwingine umekwenda nyuma chini ya makalio, namna mama anavyoshikilia.

"Nifungue," alinong'ona. "Baba Asia, nifungue taratibu."

Abeid akazifungua kamba. Ngozi ikaanguka chini, baridi, nyepesi, ngozi ya mbuzi basi. Lakini Shakila hakunyanyuka.

Sasa ni miezi minane. Ile ngozi Abeid aliichoma siku ileile, ikaungua kama ngozi yoyote. Akaunti ya Mlezi ukiitafuta haipo. Hospitali wamempiga picha za mgongo, wakamwambia Shakila uti wake ni mzima, apumzike. Hapumziki. Anatembea ameinama, mkono nyuma, na akikaa hakai kwa kuegemea. Mara nyingine akiwa anapika huanza kuyumba kushoto na kulia, taratibu, bila kujua. Ukimshtua anaacha. Baada ya muda anaanza tena.

Na kuna hili, ambalo nimeliona kwa macho yangu kwa sababu nguo zetu tunaanika kamba moja. Kila gauni lake, lifuliwe vipi, likivaliwa mpaka mchana linapata alama mgongoni, kati ya mabega. Ni unyevunyevu, mdogo, wa mviringo, wenye harufu ya maziwa. Ukiwa umelea utaujua. Ni pale mtoto anapolaza mdomo akisinzia.

Tukamuuliza, unajuta? Akatukazia macho. "Nijute nini? Asia si yupo?"

Asia yupo kweli, mzima, mzito, anasema maneno mengi sasa. Juzi alichoka kutembea wakitoka dukani, akalia, akamnyooshea mama yake mikono. Shakila alichuchumaa palepale njiani, akamgeuzia mgongo, akamwambia, "Haya, panda, mama."

Mtoto akamzunguka. Akasimama nyuma yake kwa muda, akitazama. Kisha akarudi mbele, kilio kimekwisha, akamshika mama yake kidole.

"Mama," akamwambia kwa sauti ya chini, "pamejaa."