Maji ya Juu ya Kivuko

Wazazi wenzangu, na hasa wewe uliyezoea kusema "hayo hayanihusu," tega sikio. Haya yaliipata nyumba moja, lakini yangeweza kuipata yako.

Asubuhi ile kijito kilikuwa kizuri kupita kiasi. Maji yalikuwa maangavu mpaka changarawe za chini zilionekana mojamoja. Kina mama walifua huku wakitaniana. Mpimaji wa ofisi ya maji, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Chupa kwa jinsi chupa zilivyogongana mkobani mwake, alikunja suruali akaingia mpaka magotini. Hapo ndipo kwao, ndipo alipozaliwa. Pembeni yake alirukaruka binti wa kaka yake, kitinda mimba aliyebandikwa jina la Kiroboto kwa kutotulia.

Kupima maji si kujaza chupa tu. Bibi Chupa huvuruga mawe kwa mguu, akatega wavu upande yanakoelekea maji, kisha akamimina kilichonaswa kwenye beseni jeupe ili aone nani anaishi humo. Wapo konokono, wapo kaa wadogo wenye hasira za bure, na vipo vidudu vyenye mikia mitatu ambavyo havivumilii uchafu hata kidogo. Maji yakiharibika, hivyo ndivyo hutangulia kufa. Kila msimu Kiroboto alichuchumaa penye beseni akaviamkia kama wageni.

Siku hiyo beseni lilibaki tupu.

"Shangazi, leo hakuna mtu nyumbani?" mtoto aliuliza.

Bibi Chupa akasogea, akavuruga mawe mengine. Hakuna kitu, hata kiluwiluwi. Alipoinua kichwa ndipo alipotambua kwamba hakuna chura anayelia wala ndege anayedona ukingoni.

"Afadhali," mama mmoja alicheka. "Mwaka huu tunalala. Vyura walikuwa wanapiga kelele kama wamealikwa harusini!"

Wote wakacheka. Bibi Chupa hakucheka. Maji yale hayakuwa safi. Yalikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama wote.

Akafuata kijito kwenda juu. Kivukoni alimkuta kaka yake akisuuza pipa na bomba la kupulizia dawa ya wadudu. Yeye ndiye aliyekuwa akipulizia mashamba yote ya pale. Povu jeupe lilishuka na maji, likayeyuka, na kijito kikang'aa tena kana kwamba hakuna lililotokea.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nafanya kazi. Umesahau bomba hili ndilo lililokusomesha baada ya wazee kuondoka?"

"Watu wanakunywa huko chini. Hata nyumbani kwako wanakunywa."

"Maji hayakai, yanakwenda zake. Msimu ukiisha nitachimba shimo la kusuuzia, naapa. Ila ukisema leo, wataninyang'anya kibali, na wanangu watatafuna mawe." Akashusha sauti. "Chota hapa juu ya kivuko, mdogo wangu, mambo yaishe. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe."

Alikuwa amesema kweli kuhusu shule. Ndiyo maana Bibi Chupa alisimama pale kitambo kirefu, chupa mkononi. Kisha akapanda juu kidogo ya kivuko, ambako uchafu wa pipa haukufika, akainama, akachota.

Majibu yalipotoka, yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji mbele ya watu wote: maji ya kijito ni salama. Watu walipiga makofi. Mkutano ulipokwisha, Bibi Chupa alipita kwa kaka yake, na wifi yake akampokea kwa furaha.

"Mimi nilishaacha kuchota kijitoni, wifi. Maji yalikuwa yananinukia vibaya, nikawa natembea mpaka kile kisima cha ng'ambo, shingo imekwisha kwa ndoo. Leo umenipumzisha. Nimetoka kuyachota sasa hivi. Haya, onja!"

Glasi ikawekwa mezani. Bibi Chupa aliitazama. Maji yalitulia ndani yake, yakimwonyesha mchoro wa kitambaa cha meza upande wa pili.

"Ahsante, wifi. Sina kiu."

"Shangazi hanywi? Basi nipe mimi!" Kiroboto akaidaka glasi, akagugumia, akajifuta mdomo kwa mkono.

Jamani, hapo ndipo ninapomkasirikia yule mwanamke hadi leo. Alifungua kinywa. Neno lilifika ulimini. Kaka yake, aliyeketi mlangoni, akakohoa, na yeye akafumba kinywa.

Kiangazi kilikaza, kijito kikapungua, na pipa likaendelea kusuuzwa. Bibi Chupa alikuwa amerudi mjini anakoishi, akifungua bomba la jikoni na kulifunga tena bila kujaza kikombe. Alijiambia shimo lazima limeshachimbwa. Hakupiga simu kuuliza, kwa kuogopa jibu.

Mchana mmoja Kiroboto alirudi kutoka kijitoni akitokwa na mate na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Walimkimbiza hospitali.

"Hii ni dawa ya shambani," daktari alisema. "Ameipata wapi?"

"Nyumbani hatuweki dawa," mama alijibu. "Anakunywa maji ya kijito tu, na yamepimwa."

Mtoto hakufika jioni.

Msibani, Bibi Chupa aliketi mkekani asiweze kulia. Wifi yake akasogea akakaa mbele yake. Hakupandisha sauti.

"Wifi, yale maji uliyopima, uliyachota wapi?"

Bibi Chupa alimtazama kaka yake, na kwa mara ya kwanza hakumsubiri.

"Juu ya kivuko," alisema.

Mama wa mtoto hakupiga yowe. Alimgeukia mumewe, naye alikuwa amejifunika uso kwa shati. Akainuka, akachukua ndoo, akaondoka peke yake kwenda kile kisima cha ng'ambo, kwa kuwa waombolezaji walikuwa wengi na walihitaji maji ya kunywa.

FUNZO

Mapenzi ya ndugu si kumfichia kosa; ni kumzuia kabla kosa halijamrudia mlangoni. Bibi Chupa alikwenda mwenyewe kusema ukweli, akapoteza kazi, na kaka yake akafikishwa mbele ya sheria, lakini hakuna hukumu iliyomrudisha mtoto. Ukijua jambo linalodhuru watu, liseme siku hiyohiyo, hata kama mkosaji ndiye aliyekulea. Na maji ambayo wewe mwenyewe huthubutu kuyanywa, usimwambie mwenzio kwamba ni salama.