Sensa ya Kumi na Saba

Siku ya kwanza Leonce alidhani ni bahati. Alifika shambani kwa Bibi Kunegunda, Maposeni, akakuta sensa ya kumi na saba, kipimo kilichofukiwa ardhini, imejaa chaji, ilhali wiki nzima hakuna aliyeigusa.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka na pikipiki kwenye mashamba ya mahindi, akiweka sahani ya kuchaji juu ya udongo ili umeme upenye bila waya hadi kwenye sensa zilizofukiwa kupima unyevu. Zilikuwa arobaini. Zikizimika, mradi wa kilimo uliomwajiri haujui mahindi yana kiu wapi.

Wiki iliyofuata sensa hiyo ilikuwa imejaa tena. Udongo juu yake ulikuwa wa moto, unanuka nywele zilizoungua.

"Shikamoo, bibi. Nani huwa anakuja hapa?"

"Marahaba. Si wewe?" Kunegunda alishusha jembe. "Leo unakuja na pikipiki, kesho unarudi kwa miguu, jua la utosi. Ila ukirudi huniamkii. Unainama, unaweka kiganja chini, unakaa hivyo hivyo. Nakuita, kimya."

Leonce hakuwahi kufika pale kwa miguu.

Kesho yake mchana alijibanza kati ya mahindi. Upepo haukuwepo, lakini majani yalianza kusuguana, ikaja harufu ile, ukaja pia mvumo kama wa transfoma, na mbele yake akauona mgongo wake mwenyewe, shati lake la mradi, umeinama, kiganja ardhini, na kadiri kiganja kile kilivyokandamiza udongo ndivyo nguvu zilivyomtoka yeye magotini, kiunoni, kifuani, hata shingo ile ilipoanza kugeuka polepole kumtazama hakuweza kupiga kelele, akaanguka.

Kunegunda alimburuta hadi nyumbani, rozari mkononi.

Walimwita Bashiru, mganga wa Kiyao aliyehamia Songea kutoka Tunduru. Alilizunguka shamba, akarudi ameinamisha kichwa.

"Jini hili lilikuwa limelala," alisema kwa sauti ya chini. "Mmekuja na chakula mkakifukia mlangoni kwake. Sasa linajua kinaletwa na nani. Aliyelisha ndiye afukue."

Ubani ukafuka, Bashiru akasoma dua, Leonce akachimba kwa mikono. Sensa ilipotoka, mvumo ulikatika. Udongo ukapoa. Kunegunda akaketi chini, akalia.

Jioni Leonce aliipeleka ofisini mjini. Msimamizi wake, Hilda, aliifungua, akang'oa betri, akaifunga.

"Hii imekufa. Katupe."

Akampa. Ilipogusa kiganja cha Leonce, kijitaa chake cha kijani kiliwaka.

"Iweke chini," Hilda alinong'ona.

Akaiweka mezani. Ikazimika. Wakaitazama. Kisha Leonce akanyoosha mkono wa pili, taratibu, akaigusa kwa ncha ya kidole kimoja tu.

Ikawaka.