Vidato vya Samaki Mlangoni mwa Kanisa

Kila asubuhi kabla ya shule, Vanessa na shangazi yake Georgette waliteka maji kwenye bwawa dogo la kijiji chao, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Ubavuni mwa bwawa palikuwa na ngazi ya samaki, ya zege, iliyojengwa zamani. Mvua zikianza, kambale waliipanda kidato kwa kidato, wakaenda kutaga mayai juu mtoni. Bila kambale, shangazi hakuwa na cha kukausha na kuuza mjini Mbarara, na Vanessa hakuwa na karo.

Mwaka ule wa 2008, vidato vya chini vilikuwa vimeng'olewa. Kambale waliruka, wakagonga ukuta, wakaangukia mawe na kufa. Vanessa alikasirika hata chai ikamshinda.

"Ni ng'ombe ya batu ya Endiinzi ilivunja," alisema shangazi, akiwalaumu wafugaji wa mji jirani. "Bale bafugaji habana adabu."

Jumapili, Mchungaji Nehemiya aliombea samaki, na watu wakaitikia amina kwa nguvu. Walipotoka, Vanessa alitazama kizingiti kipya, ambacho wanakwaya walikiweka ili watu wasiingie na matope. Kilikuwa cha vipande vya zege, na pembeni kilikuwa na ukoga mkavu wa kijani, kama ule wa vidato vya bwawani. Watu wazima, Biblia mikononi, walikuwa wanakanyaga ngazi ya samaki!

"Mchungaji," alisema kwa hasira, "tunaomba Mungu samaki, na njia yao iko hapa chini ya viatu. Ng'ombe haiwezi kubeba zege mpaka kanisani."

"Nyamaza, mutoto," shangazi alimvuta.

Mchungaji aliinama, akapangusa ule ukoga kwa kidole. "Joël, mulitoa hii wapi?"

"Kule kwa maji," alijibu kiongozi wa kwaya. "Ilikuwa imelegea. Tulifikiri haina mwenyewe."

"Mwenyewe ni sisi bote," alisema Mchungaji.

Shangazi Georgette ndiye aliyetangulia kuvua viatu vya Jumapili. "Na bale bafugaji niliwasingizia," alisema, akainua upande mmoja wa zege. Vidato vikarudishwa, Joël akaziba nyufa kwa saruji.

Mvua kubwa ilipofuata, kambale walipanda. Jumapili hiyo watu walisimama mlangoni, sasa pasipo kizingiti, wakisitasita, miguu imejaa tope.

"Muingie hivyo hivyo," alisema Mchungaji. "Kitu cha bote kikilegea, kinangojea fundi, hakingojei mwizi. Matope tutafagia."

Vanessa akaingia wa kwanza.